Kumfuata Nasri Maskati

Tangu turudi, kila ninayekutana naye anataka kipande chake. Mwalimu Hadija anauliza kama ni kweli nilimbusu mtoto wa watu uwanja wa ndege. Mama Shaibu anataka kujua yule bibi wa Kiarabu aliyekuwa akikaa barazani kwetu, anayesema Kiswahili kutushinda, ni nani wetu. Na kila nikianza kusimulia, mume wangu Sufiani anaingilia kunisahihisha, wakati yeye hata Dar hakufika. Kwa hiyo nimekaa nikaandika yote. Mpitishiane. Ya karatasi na mihuri sitaandika. Yalinila miezi minne na hayana utamu wowote.

Kwa asiyejua: mdogo wangu Rajabu yuko Maskati, anaendesha gari la kusambaza mikate huko Sib. Mkewe Zuhura, Mungu amrehemu, alifariki mtoto wao akiwa na miezi mitatu. Rajabu anaishi chumba kimoja na wanaume wenzake watatu na anaingia kazini alfajiri. Siku moja akanipigia simu, akaongea maneno mengi yasiyo na mpango, mwisho akasema: "Dada, mimi siwezi. Mchukue Nasri, awe wako."

Mimi na Sufiani tuna miaka kumi na sita ya ndoa na hatukujaaliwa mtoto. Sikumwambia ngoja nifikirie. Nilimwambia nakuja, kisha nikakata simu kabla hajabadili mawazo, nikatoka uani nikazunguka kisima mara tatu kama mwehu.

Tanga mpaka Dar: mtoto wa kwanza

Tuliondoka Tanga asubuhi. Tulipopita Segera kidogo, gurudumu la basi likapasuka. Dereva akashuka, akaliangalia, akasema dakika ishirini. Tulikaa saa tatu.

Kando yangu alikuwa amekaa mama mmoja mnene wa Muheza, mwenye kucheka kwa nguvu. Alikuwa ameona chupa za kunyonyeshea zikichungulia kwenye mkoba wangu.

"Mjukuu?" akaniuliza.

"Mwanangu," nikasema. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu nisiyemjua, na nilihisi masikio yakiwaka moto.

"Yuko wapi?"

"Maskati. Ndiyo namfuata."

Akanitazama juu mpaka chini. "Umeshawahi kumbeba mtoto mgongoni?"

Nikasema nimewabeba wa ndugu, lakini zamani. Akasema zamani haitoshi. Kulikuwa na wanawake wanauza matikiti pale kando ya barabara. Mama yule akanunua tikiti moja la wastani, akaniinamisha, akaniwekea mgongoni na kunifunga na kanga yangu mwenyewe. Ndani ya muda mfupi abiria nusu walikuwa wamenizunguka. Mmoja anasema kanga ipande juu, mwingine anasema miguu ya mtoto itabanwa. Mzee mmoja mwenye mkongojo akaniamuru nitembee mpaka kwenye mti na kurudi, akaitikia kwa kichwa kama mkaguzi wa shule. Nilitembea na tikiti langu mgongoni huku nacheka mpaka machozi yakanitoka.

Kisha jua likawa kali, watu wakaona kiu, na mama wa Muheza akaomba kisu kwa muuza matikiti. Ndivyo mtoto wangu wa kwanza alivyoliwa na abiria wa Dar.

Angani, na mtoto wa watu

Ndege ilijaa wasichana wanaokwenda kufanya kazi za majumbani. Aliyekaa na mimi alitoka Singida, anaitwa Neema, na hakuwahi kupanda ndege. Wala mimi. Ilipoanza kukimbia tulishikana mikono bila kuombana. Alipojua nakwenda kuchukua mtoto akasema, "Mimi wangu ana miaka miwili. Nimemwacha kwa mama." Wewe unakwenda kuchukua, mwenzako ametoka kuacha, na mkanda wa kiti ni uleule. Chakula kilipoletwa alinipa mkate wake, akasema roho haitaki. Nikauweka, na tulipokaribia kutua nikamlazimisha akaula.

Maskati tuliingia mchana. Kwenye dirisha la kukaguliwa pasi alikaa kijana wa Kiomani mwenye kanzu nyeupe isiyo na hata kunyanzi. Akaniuliza jambo kwa Kiarabu. Mimi Kiarabu changu ni cha kusalia tu. Nikamjibu, "Alhamdulillahi." Akauliza tena, nikamjibu tena alhamdulillahi, kwa sauti kubwa zaidi.

Akainamisha kichwa akicheka. "Mama, nnakuuliza unakwenda kukaa wapi. Sema Kiswahili tu. Bibi yangu mzaa mama kwao Mkokotoni."

Laiti pasingekuwa na kioo ningemkumbatia. Nikamweleza yote, na Sufiani nikamtia ndani, mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Akagonga muhuri akasema, "Mungu akukuzie."

Sasa hapo mbele ndipo penye aibu. Rajabu alisema atakuja kunipokea na mtoto, na atavaa kofia ya kijani. Nilipotoka nikaona mtu amenipa mgongo, kofia ya kijani, na begani kwake mtoto wa kiume mwenye mashavu. Sikuita, sikusalimu. Nilikimbia na begi langu, nikamtwaa yule mtoto mikononi mwake, nikambusu, nikalia, nikasema, "Mwanangu, mwanangu, nimekuja!"

Yule mtu akageuka. Alikuwa na masharubu mapana kama ufagio na hakuwa Rajabu. Nyuma yake mkewe alikuwa amesimama, mdomo wazi, mikono kiunoni. Mtoto peke yake ndiye aliyefurahi. Alinishika mtandio akawa hataki kuuachia. Nikaomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, na kwa mikono. Mwishowe mwanamke akaelewa nini sijui, akaniwekea mkono begani na kunipa kitambaa cha karatasi nifute machozi.

Rajabu alitokea baada ya saa nzima. Gari aliloazima lilimzimikia njiani. Kichwa wazi, hana kofia, na hana mtoto.

"Nasri yuko wapi?"

"Bawshar, kwa Bi. Zuwena. Wanakusubiri." Hakunitazama aliposema hivyo.

Bawshar: karamu

Bi. Zuwena ndiye mama wa nyumba ambamo Zuhura alikuwa akifanya kazi. Zuhura alipofariki, yeye ndiye aliyemchukua mtoto hospitali na kumpeleka kwake. Hilo nilikuwa nalijua, na nilikuwa nimembebea vitenge viwili na kilo mbili za iliki kumshukuru. Nilidhani nitakaa siku moja, nishukuru, nimtwae mtoto nihamie mahali pengine kungoja siku ya ndege.

Nyumba nyeupe, ukuta mweupe, ua wa waridi unaomwagiliwa kwa mpira. Mlangoni alisimama mwanamke wa miaka sabini, mfupi, mkavu, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, kama yuko Ng'ambo Unguja. Alizaliwa huko, akaondoka na wazee wake akiwa na miaka tisa.

"Karibu, shangazi mtu! Karibu ndani, nnakungoja tangu asubuhi, pilau limekwisha kunichacha!"

Na mkononi mwake, Nasri.

Nisikilizeni. Picha haisemi kweli. Kwenye simu alikuwa mtoto. Pale alikuwa mtu: miezi minane, mzito, nyusi za marehemu baba yangu zimekaa juu ya macho ya Zuhura, anatafuna ncha ya kanga. Nikanyoosha mikono. Akanitazama kwa makini, akaonekana kutafakari, kisha akapasua kilio ambacho nadhani Sib walikisikia.

"Atazoea," akasema Bi. Zuwena, akampa binti yake, Salha, ambaye alikaa kwenye kochi akamnyonyesha. Ndiyo, akamnyonyesha. Salha naye alikuwa na mtoto mchanga, Hiba, na tangu siku ile ya hospitali alikuwa akiwapa wote wawili, huyu kulia, huyu kushoto.

Tukala. Pilau, samaki wa kupaka, achari ya ndimu, mkate wa ufuta, kisha halwa na kahawa. Nilikuwa nimeshiba hadi shingoni pale Bi. Zuwena aliposema, kama mtu anayeongelea hali ya hewa, "Skuli tushamtazamia. Ipo hapo nyuma tu, Hiba na Nasri watakwenda pamoja. Na wewe shangazi mtu, usione haya, kila mwaka uje umwone. Nyumba yako hii."

Kijiko kikanisimama. Nikamtazama Rajabu. Rajabu alikuwa anautazama mkate wa ufuta.

"Bi. Zuwena," nikasema, "mimi nimekuja kumchukua."

Bi. Zuwena akaweka kikombe chini taratibu. "Kumchukua kumpeleka wapi?"

"Tanga. Nyumbani. Rajabu amenipa nimlee."

"Rajabu kaniambia mie unakuja kumtazama." Akamgeukia. "Hukunambia hivyo? Sema!" Kisha kwangu, na sauti yake haikuwa ya hasira, ndiyo maana iliniuma zaidi: "Mtoto huyu kanyonya ziwa la mwanangu. Kwa sheria ya dini keshakuwa mjukuu wangu, ndugu wa Hiba huyu. Nshamwosha, nshamlaza kifuani. Hatoki hapa akaenda kwa mtu anayemlilia."

Sib: gari la mikate

Siku nne nilikaa nyumba ile. Na mnajua nini? Hawakunifukuza wala hawakuninunia. Bi. Zuwena alinipakulia kila mlo mpaka nikaomba msamaha, alinipa chumba chenye kipoza hewa ambacho sikujua kukizima, nikalala na sweta la sufi nililomfumia Nasri nimelivaa kichwani. Nilimfumia masweta matatu, kwa sababu Mama Shaibu aliniambia ndege ina baridi. Nje jua lilikuwa linakaanga, na hata hivyo hakuna lililompita kichwa. Nilikuwa nimepima kwa mtoto mchanga.

Na kila nilipomkaribia Nasri alilia. Nilijaribu uji, nikajaribu kuimba, nikajaribu kujifunika kanga ya Bi. Zuwena ili ninuke kama yeye. Salha alinionea huruma. "Shwaya shwaya, mama," alikuwa akiniambia. "Polepole. Usimkimbilie. Kaa tu." Nikawa nakaa. Nikakaa kwenye zulia kutwa, ninazungusha vifuniko vya sufuria, na yeye ananiangalia toka mbali kama askari wa zamu.

Siku ya tano nikamwomba Salha anipeleke Sib. Tulimkuta Rajabu ufukweni, karibu na pale wanaposhusha samaki, ameegesha gari lake la mikate anakula chakula cha mchana. Salha akabaki garini. Mimi nikaingia kwa Rajabu, nikafunga mlango. Mle ndani mlinukia mkate wa moto mpaka njaa ikanishika katikati ya hasira zangu.

"Umenileta nchi ya watu kuniaibisha," nikamwambia.

Akaendelea kutafuna.

"Ungemwambia ukweli, ningejua ninachokuja kukutana nacho. Ungeniambia mimi ukweli, labda nisingekuja."

"Ndiyo maana sikusema," akasema. "Dada, yule bibi alimchukua mwanangu wakati mimi sikuweza hata kumshika. Nilikuwa nikimwona Nasri, namwona Zuhura, natoka nje. Miezi miwili. Ningemwambiaje asante, sasa mrudishe? Na wewe ningekuambiaje usije? Nilitaka akue na wewe. Ulivyonilea mimi, ndivyo nilivyotaka."

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka kumi na nne, yeye mitano. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitaja jambo hilo. Nikakata kipande cha mkate wake nikala. Kisha nikamwambia, "Kesho Ijumaa. Ukitoka msikitini uje Bawshar, uyaseme hayo hayo. Kwake, siyo kwangu."

Alikuja. Alikaa chini ya miguu ya Bi. Zuwena akasema yote, na sauti ilimkatika mara mbili. Bi. Zuwena alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, akainuka akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Tukasikia kabati likifunguliwa na kufungwa. Salha akanitazama, akainua mabega.

Alitoka baada ya sala ya alasiri. Amebeba pasi yake ya kusafiria.

"Baba mtu kashasema, na mtoto ni wa babaake," akasema. "Lakini mtoto hapelekwi kama barua. Mie ntakwenda naye. Ntakaa huko kwenu mpaka akuzoee. Akikuzoea, nnarudi peke yangu. Asipokuzoea, shangazi mtu, nnarudi naye, na usinililie. Umekubali?"

Rajabu akanitazama. Siku zote sita mtoto yule alikuwa amenishika kidole mara moja tu, tena kwa bahati mbaya.

"Nimekubali," nikasema.

Kurudi: mtu wa tatu

Salha alimnyonyesha Nasri mara ya mwisho ndani ya gari, uwanja wa ndege. Siku zile za kungoja ndege alikuwa akimzoesha chupa. Alipomaliza akamfuta mdomo, akamnong'oneza jambo kwa Kiarabu, akanipa mimi, siyo Bi. Zuwena mamake. Nasri akalia, bila shaka. Salha akageuka akaondoka haraka na Hiba begani, naye Rajabu akamfuata kumfungulia mlango.

Bi. Zuwena alisafiri na mto wake mwenyewe wa kulalia, bakuli tatu za halwa, tende, na hofu ya ndege ambayo hakuitaja. Alisoma dua toka Maskati mpaka Dar. Katikati ya dua alikuwa akifungua jicho moja na kunielekeza: "Mwinue kichwa. Siyo hivyo. Hivyo."

Kwenye basi la Tanga ndipo alipochanua. Miaka sitini na kitu hakukanyaga Afrika. Alinunua kila kilichopitishwa dirishani: machungwa, mahindi ya kuchoma, korosho, mpaka ufagio wa chelewa. Alimuuliza kila mtu kwao wapi. Konda alipomwita "mama mzungu" alimjibu, "Mzungu babu yako! Mie mtoto wa Unguja!" na basi zima likapiga makofi. Nasri alimtapikia mzee wa siti ya mbele, mgongoni, uji wote. Mzee akageuka, akamwona, akasema, "Karibu nyumbani, bwana mdogo."

Tanga

Sufiani alitusubiri stendi amevaa kanzu ya Idi. Nilikuwa nimempigia simu kumwonya: usimkimbilie, atalia, usivunjike moyo. Nasri akamtazama, akatazama kofia yake, akainama toka kwa Bi. Zuwena akaenda kwake. Hivi hivi! Hakutoa hata mguno. Nilifurahi, na nitawaambia ukweli, nilikasirika pia. Siku zile Sufiani alikuwa akienda naye kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, anapindua baiskeli chini juu na kumzungushia gurudumu, na kicheko cha Nasri kinafika mpaka kwa muuza mbaazi. Mimi nikija, anashika shati la Sufiani.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili. Bi. Zuwena alikwishajua jina la kila jirani na ugomvi wa kila nyumba. Hakusema kitu juu ya kurudi, lakini nilimwona akimchunguza mtoto, na akinichunguza mimi. Nikaacha kuzungusha vifuniko. Nikawa nafua, napika, naongea naye nikimpita, kama mtu anayeishi humo.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, Bi. Zuwena alichukuliwa na Mama Shaibu kwenda kwenye harusi mtaa wa pili, na Sufiani alikuwa na wateja. Nasri aliamka usingizi wa mchana amechemka. Jino lilikuwa linatoka. Alilia akanyoosha mikono mlangoni, hakuna mtu. Akanitazama mimi. Nikamwogesha maji ya uvuguvugu, nikampa dawa ya matone, nikampangusa ufizi kwa kitambaa chenye maji baridi. Akaniuma kidole, akaning'ang'ania. Nikakaa naye kwenye mkeka uani nikimwimbia nyimbo zilezile nilizokuwa nikimwimbia babake. Kilio kikapungua, kikawa mguno, kikawa pumzi. Akalala kifuani kwangu, mkono mmoja ndani ya kola yangu. Nilikuwa siwezi kusogea. Mguu ukafa ganzi, inzi akanitua puani, sikusogea.

Bi. Zuwena akarudi na sahani ya biriani iliyofunikwa. Akasimama mlangoni. Nasri akasikia hatua zake, akafumbua macho, akamwona. Nikalegeza mikono ili aende. Akamtazama kwa muda, akanitazama mimi, kisha akarudisha kichwa palepale na kufumba macho.

Bi. Zuwena akaingia ndani na sahani yake. Baadaye nikamsikia kwenye simu na Salha, nusu Kiarabu, nusu Kiswahili. "La, hakulia," akasema. Halafu akaongeza, "Kalala. Kalala kwa mamaake."

Siku ile ile jioni alianza kufunga mizigo.

Tulimsindikiza stendi Ijumaa, mtaa mzima. Alimbusu Nasri utosini, akanibusu mimi, akamwonya Sufiani juu ya mambo saba tofauti. Kisha akapanda. Basi lilipoanza kutembea Nasri akaelewa, akalia, akalinyooshea mikono. Sikumnyamazisha. Bibi yake alikuwa anaondoka, alikuwa na haki ya kulia, na mimi nililia naye mpaka basi likakata kona. Akaegemeza kichwa shingoni kwangu akiwa bado ana kwikwi. Sufiani akageuza baiskeli, nikapanda nyuma kwenye keria nimempakata, na tukaenda nyumbani.